Mkono Usipofika: Njia ya Mkato na Njia ya Kitabu kwenye Magari ya Spoti

Fungua boneti ya Subaru Impreza WRX utafute plagi. Huzioni. Kwenye Corolla ya kawaida ziko juu ya injini, zimejipanga mstari mmoja, na mtu mwenye soketi moja anazitoa akiwa amesimama wima. Kwenye Impreza injini imelala: pistoni mbili zinakwenda kulia, mbili kushoto, na silinda hedi zimetazama pembeni, karibu ziguse chesisi. Plagi zinaingilia huko ubavuni, upande mmoja chini ya betri, upande wa pili chini ya boksi la eya klina. Nafasi iliyobaki kati ya injini na bati inapitisha mkono mwembamba, tena mkono mtupu usio na spana.

Ukiuliza mafundi, iwe Gerezani Dar es Salaam au Industrial Area Nairobi, utapewa njia tofauti. Mmoja atatoa betri, boksi la eya klina na kila kilichosimama njiani. Mwingine atalegeza mauntingi, yaani viegemeo vinavyoshikilia injini, na kuiinua sentimita chache. Yupo atakayeingiza mkono na kufanya kazi kwa kupapasa. Na yupo, kwa bahati mbaya, atakayebadilisha plagi tatu, aiache ile iliyojificha zaidi, kisha akukabidhi boksi tupu.

Mabishano juu ya nani kafanya sawa hayaishi kwa sababu watu wanapima muda. Kazi iliyochukua saa nne inaonekana halali, iliyochukua saa moja inaonekana ya ujanja ujanja. Muda hausemi lolote kuhusu ubora wa kazi. Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, njia uliyopita imekuachia uwezo wa kukiona unachokifunga, kukisafisha, na kukikaza kwa nguvu inayotakiwa? Ikiwa umebaki na vyote vitatu, ufupi wa njia ni faida tupu. Ukinyimwa hata kimoja, kazi haijakamilika hata kama gari limewaka na kuondoka.

Kwa nini vimefichwa

Wahandisi hawakuficha plagi kwa ukatili. Gari la spoti linachorwa kwa sharti kwamba uzito ukae chini na karibu na katikati, ili lipinde kona bila kuyumba. Injini iliyolala ya Subaru, na ile ya Porsche 911, inashusha uzito huo. Ferrari nyingi na Toyota MR2 wameiweka injini nyuma ya viti, mbele ya magurudumu ya nyuma, ambako inabanwa na ukuta wa kabati ya abiria, tangi la mafuta na giaboksi. Ongeza turbo na mabomba yake, na nafasi ya mkono imekwisha. Kiwandani hilo si tatizo. Injini hupandishwa ndani ya bodi kutoka chini, ikiwa tayari imevishwa karibu kila kitu, kwa hiyo aliyefunga plagi aliifunga injini ikiwa nje, mbele ya macho yake.

Kitabu cha ufundi nacho huandikwa kwa gereji yenye lifti, vifaa maalumu na nafasi ya kuiweka injini pembeni. Kikisema "toa injini", kinazungumza na mtu ambaye kwake hilo ni jambo la kawaida. Ndiyo maana sikubali kwamba kila anayeacha hatua ya kitabu ni mharibifu. Lakini hatua hizo zimebeba sababu ambazo hazikuandikwa, na anayeruka hatua bila kujua sababu yake hajui ameacha nini.

Plagi za Impreza, hatua kwa hatua

Plagi za platinamu au iridiamu hubadilishwa baada ya takriban kilomita 100,000, kwa hiyo zimekaa ndani ya aluminiamu ya silinda hedi kwa miaka. Injini lazima ipoe kabisa. Aluminiamu yenye moto huzishika nyuzi za plagi (mistari yake ya skrubu), na plagi inayong'olewa kwa nguvu injini ikiwa ya moto inaweza kutoka na nyuzi zake. Ukifika hapo, kazi ya asubuhi moja imegeuka kuwa kazi ya kushusha silinda hedi.

Upande wa kushoto unatoa betri, na mara nyingi tangi la maji ya wipa. Kulia unatoa boksi la eya klina na bomba lake. Soketi ni namba 16. Huwezi kuingiza soketi, ekstensheni na racheti vikiwa vimeungana, maana havienei. Unatanguliza soketi ndani ya shimo, unaifuatisha ekstensheni, kisha racheti, na unaviunganisha huko huko ndani. Wengi huona huu ni ujanja wa mtaani, ilhali hakuna njia nyingine, na aliyefanya hivyo hajaruka chochote.

Kabla plagi haijalegea, shimo lipulizwe hewa ya kompresa. Gari linalopita barabara za vumbi hukusanya mchanga kuzunguka plagi, na plagi ikitoka mchanga huo unadondokea ndani ya silinda, ambako utakwaruza ukuta kila pistoni inapokwenda na kurudi. Anayefanya kazi kwa kupapasa hana namna ya kujua kama kuna mchanga. Huyo amekosa macho na usafi kwa mpigo mmoja, na ndiyo maana njia yake naikataa hata kama mkono wake ni mzoefu.

Wakati wa kurudisha, plagi mpya haianzwi kwa racheti. Kata kipande cha mpira wa petroli, kivalishe kichwa cha plagi, uizungushe kwa vidole. Plagi ikiingia upande, mpira unateleza wenyewe kabla nyuzi hazijaharibika, wakati racheti ingeendelea kulazimisha bila wewe kuhisi kitu. Njia hii ni ya haraka, ya bei rahisi, na inalinda silinda hedi kuliko kifaa chochote cha ghali ninachokijua kwa kazi hiyo.

Kukaza ndiko kwenye ugumu. Plagi hizi zinahitaji takriban Nm 20 (nyutonmita, kipimo cha nguvu ya kukazia), na toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukazia, mara nyingi haipati nafasi ya kuzunguka. Hapo watengenezaji wa plagi wenyewe wanakupa njia ya mkato iliyo halali. Kwa plagi mpya ya milimita 14 yenye washa (pete ya chuma shingoni mwake), NGK wanaelekeza kwamba ikishagota kwa mkono, uikaze nusu mzunguko hadi theluthi mbili ya mzunguko. Washa mpya ina unene unaojulikana na hubonyea kwa kiasi kinachojulikana, kwa hiyo pembe uliyozungusha inasimama badala ya Nm. Plagi iliyowahi kufungwa washa yake imeshabonyea, na yenyewe inahitaji takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko tu. Anayeijua tofauti hiyo anapima kwa jicho na anapima sawasawa. Anayekaza "mpaka iseme", mkono ukiwa umepinda kwenye pembe ambayo hata yeye hawezi kuirudia, hana kipimo chochote.

Kuinua injini je? Inakubalika, na mara nyingine ni bora kuliko kubanana. Nati za mauntingi zinalegezwa, kile kizuizi cha juu kinachozuia injini kuyumba kinafunguliwa, jeki inawekwa ikiwa na kipande cha mbao, mahali pagumu na si katikati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ambayo bati lake ni jembamba. Unapandisha sentimita chache huku ukitazama feni na mipira ya rejeta isivutike. Silinda hedi inapanda juu ya ukingo wa chesisi na ghafla unaona ulichokuwa unapapasa. Njia hii inakuongezea macho badala ya kukupunguzia.

Ile plagi iliyoachwa ndiyo inayonikera zaidi. Injini ya turbo ikibanwa, plagi iliyochoka inashindwa kuchoma, petroli isiyoungua inaingia ekzosi, na mwenye gari anaanza kununua koili, sensa na pampu ya petroli kutafuta ugonjwa ambao alishalipia dawa yake. Pia amenyimwa taarifa. Kwenye injini hii silinda namba 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 kushoto. Ukizipanga plagi kuukuu mezani kwa mpangilio huo, unasoma hali ya kila silinda: yenye oili inakuelekeza kwenye sili au ringi, nyeupe iliyochubuka inasema silinda ile inapata moto kupita kiasi. Taarifa hiyo hailipiwi hata shilingi, mradi zote nne ziwe zimetoka.

Gasketi ya silinda hedi: hapa usikubali

Subaru hiyo hiyo ikiunguza gasketi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na bloku (mwili wa injini), mantiki ya kuinua kidogo na kujibana inaisha. Wapo wanaobadilisha gasketi injini ikiwa ndani ya gari, na nimesikia utetezi wao: bolti ni sita tu kila upande, kamshafti zinatoka, silinda hedi inapita ukiinamisha. Yote kweli. Tatizo ni yale yanayofuata silinda hedi ikishatoka.

Uso wa bloku umesimama wima, umetazama chesisi kwa karibu. Ili gasketi mpya ishike, uso huo usafishwe mpaka usibaki na alama ya gasketi ya zamani, kisha upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) kuona kama umepinda. Kiwango kinachoruhusiwa ni cha mia za milimita. Huwezi kuweka rula mahali ambapo kichwa chako hakiingii. Wakati huo huo maji ya rejeta na oili yaliyosalia ndani ya bloku yanaendelea kuchuruzika juu ya uso uliokwisha kusafisha, na mengine yanaingia kwenye matundu ya bolti. Tundu lenye maji linadanganya: bolti inasukuma maji, toki renchi inasoma kwamba imefika, na kumbe gasketi haijabanwa.

Halafu kuna kukaza kwenyewe. Utaratibu wa injini za EJ, familia ya injini za Subaru kama hii, si wa kukaza mara moja. Bolti zote zinakazwa kwa hatua, zinalegezwa nyuzi 180 (nusu mzunguko), zinalegezwa tena nyuzi 180, zinakazwa upya, na mwisho zinazungushwa kwa pembe ya nyuzi 80 hadi 90, mara mbili. Kule kulegeza kunailaza gasketi na kuondoa msuguano wa mwanzo. Pembe za mwisho zinataka mkono uzunguke kwa uhuru, na ubavu wa chesisi hautoi uhuru huo kwa bolti za chini.

Kinachofanya hoja ya "tufanyie humo humo" iwe dhaifu zaidi ni kwamba injini ya Subaru ni rahisi kutoa. Ni fupi, si nzito, inatoka kwa juu, na fundi aliyeizoea akiwa na winchi hahitaji siku nzima kuishusha sakafuni. Ikiwa mezani, kila uso uko mbele ya macho, bloku inalazwa bolti zikielekea juu, na silinda hedi zinapelekwa kwa fundi mashine zikasawazishwe. Mkato hapa unaokoa sehemu ndogo ya kazi na kuhatarisha yote.

Ferrari ilivyojijibu yenyewe

Ferrari 348 iliyotoka mwaka 1989 na F355 iliyoifuata mwaka 1994 zina mikanda ya taimingi inayotazama ukuta wa nyuma ya viti. Utaratibu wa kiwanda wa kubadilisha mikanda hiyo ni kushusha injini nzima pamoja na giaboksi na fremu yake ya nyuma. Kwa sababu ya kipande cha mpira, gari linainuliwa hewani na moyo wake unatolewa chini. Na mkanda hauwezi kupuuzwa: ukikatika, valvu na pistoni zinagongana, na F355 ina valvu 40.

Lakini injini ikiwa nje, fundi anaona mengine. F355 inajulikana kwa ekzosi manifoldi zinazopasuka na gaidi za valvu zinazokwisha mapema. Mipira ya maji iliyokauka, sili zinazovuja, mabano yenye kutu, vyote viko wazi. Bili ya mikanda ya F355 ni kubwa, ila ndani yake kuna ukaguzi wa sehemu yote ya nyuma ya gari. Anayegundua namna ya kuifikia mikanda bila kushusha injini ameokoa pesa ya leo, na itambidi atafute njia nyingine ya kuyatazama yale mengine. Akiitafuta kweli, sina ugomvi naye.

Mwaka 1999 ilipokuja 360 Modena, Ferrari waliweka kifuniko kwenye ukuta wa nyuma ya viti. Unasogeza viti, unafungua kifuniko, mikanda iko mbele yako, injini imebaki mahali pake. Kisha F430 ya mwaka 2004 ikaja na cheni badala ya mkanda. Njia ndefu ya 348 na F355 ilitokana na uchoraji wa magari hayo, na mchoraji alipopata nafasi aliifupisha mwenyewe. Yeyote anayedhani kwamba njia ndefu ni takatifu kwa urefu wake, aitazame 360.

Kati ya njia mbili

BMW M3 ya mwaka 2007 hadi 2013, ile yenye V8 inayozunguka hadi mara 8,400 kwa dakika, inahitaji uangalizi wa beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki), ambazo hulika kabla ya wakati kwenye baadhi ya injini. Mtu angedhani beringi za konrodi zinadai kutoa injini. Kumbe mafundi waliobobea wanaishikilia injini kwa juu kwa boriti, wanashusha fremu ya mbele pamoja na stelingi, wanatoa sampu, na beringi ziko juu ya kichwa chako. Ni mkato mkubwa.

Ukiupima kwa vile vitatu, unapita. Beringi unaziona moja moja na kuzisoma zilivyolika. Unasafisha. Toki renchi inazunguka kwa uhuru chini ya gari. Mahali ambapo mkato huu huharibiwa ni kwenye bolti. Bolti za konrodi kwenye injini hiyo zinakazwa mpaka zinavutika, na zikishavutika hazirudi. Lazima ziwe mpya. Kuna anayenunua beringi za ghali na kurudisha bolti kuukuu kwa sababu "bado nzima". Kwa macho ni nzima kweli. Ila urefu wake umebadilika, na nguvu ya kubana haipo tena pale ulipoiacha. Mkato wa kutotoa injini ulikuwa salama, mkato wa kurudia bolti ndio unaoua injini, na watu wakiona injini imekufa wanalaumu ule wa kwanza.

Porsche nyingi za 911 na Boxster za takriban mwaka 1997 hadi 2008 zina kisa kinachofanana. Nyuma ya flaiwili kuna beringi ya shafti ya kati, na ikivunjika injini nzima imekwisha. Kwa injini za mwanzo beringi hiyo inabadilishwa klachi inapobadilishwa, kwa kuwa giaboksi tayari iko chini. Inaonekana nyepesi: bolti chache na beringi inatoka. Lakini shafti hiyo inaendesha cheni za kamshafti. Kabla ya kuigusa, krenki ifungwe mahali pake, kamshafti zifungwe, tenshena za cheni zitolewe. Asiyefunga anaweza kubadilisha beringi akafurahi, huku cheni imeruka jino moja gizani, na valvu zikakutana na pistoni mara tu anapowasha. Kuanzia takriban 2006 beringi ilifanywa kubwa kuliko tundu lake. Haitoki bila kupasua bloku. Hapo hakuna mkato, na anayekuuzia mkato kwa injini hizo anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Kutoboa bodi

Kuna mkato wa aina nyingine kabisa, ule wa kuleta msumeno. Mfano wake maarufu ni Chevrolet Camaro na Pontiac Firebird za mwaka 1993 hadi 2002. Pampu ya petroli iko ndani ya tangi, tangi liko juu ya eksili ya nyuma, na njia ya kitabu ni kushusha ekzosi, kulegeza eksili na kuteremsha tangi. Watu wakapima, wakaona kwamba pampu iko moja kwa moja chini ya sakafu ya buti, wakakata dirisha kwenye bati.

Nalielewa jaribu hilo. Impreza ina kifuniko cha kiwanda chini ya kiti cha nyuma kwa kazi hiyo hiyo, na mwenye Camaro anajiuliza kwa nini yake haina. Lakini tofauti kati ya dirisha la kiwanda na dirisha la msumeno ni kubwa. Kifuniko cha kiwanda kina ukingo uliokunjwa unaorudisha nguvu ya bati, sili inayozuia mvuke, na mahali pake palichaguliwa mbali na mikunjo inayobeba mzigo. Dirisha la msumeno linakatwa juu ya tangi la petroli, na msumeno unatoa cheche. Hata ukitumia mkasi wa bati badala ya grainda, mvuke wa petroli sasa una njia ya kuingia mahali wanapokaa watu, kwa sababu Camaro haina ukuta kati ya buti na abiria. Mkato huu unakupa macho, nakubali. Unachopoteza hakihusiani na pampu: ni ukuta uliowatenganisha watu na moto, na ukishakatwa haurudi kuwa kama ulivyokuwa.

Kwa hiyo kwenye kipimo changu naongeza sharti moja. Mkato unaoweza kurudishwa nyuma, kama kulegeza mauntingi, unajadilika. Mkato unaokata chuma cha bodi, hasa ukuta unaotenganisha injini na abiria au sakafu iliyo juu ya tangi, haujadiliki.

Haraka ya kweli

Watu wa Kenya wanaijua Impreza kupitia Safari Rally, ambayo Subaru ilishinda mwaka 1997 ikiwa na Colin McRae na mwaka 2000 ikiwa na Richard Burns. Tangu mashindano ya dunia yarudi Kenya mwaka 2021, watazamaji wa Naivasha wameshuhudia mafundi wakilishambulia gari kwa pamoja. Huduma ya jioni ina dakika 45, na ndani ya dakika hizo giaboksi inaweza kutoka na nyingine ikaingia. Hakuna kazi ya magari iliyo ya haraka kuliko hiyo, na hakuna anayerudisha bolti ya kuvutika au kukaza kwa kubahatisha. Haraka yao imetengenezwa kabla: gari lilichorwa lifunguke, kila mtu ana bolti zake, vifaa vimepangwa kwa mpangilio wa kutumiwa, na kila anayekaza ana kipimo mkononi.

Gereji zetu zina shinikizo tofauti. Fundi halipwi kwa saa, analipwa kwa kazi. Mkikubaliana bei ya ufundi kwa kubadilisha plagi, kila dakika anayotumia kutoa betri na eya klina inatoka mfukoni mwake, na mteja aliyesimama pembeni akiuliza "bado?" anamsukuma zaidi. Ndivyo plagi ya nne inavyobaki ndani. Simtetei aliyeiacha, lakini mwenye gari anayebembeleza bei ya ufundi mpaka ikakosa maana, halafu akataka kazi ya kitabu, naye ana sehemu yake.

Mazungumzo yafanyike kabla ya boneti kufunguliwa. Muulize fundi, kwa heshima anayostahili mtu wa taaluma yake, atafikia wapi kutokea wapi: kipi kitatolewa, kipi kitalegezwa, kipi kitapapaswa. Fundi anayejua atakueleza bila kukasirika, na wengi hufurahi kuulizwa. Uliza vitu vya kutumika mara moja, kama bolti za kuvutika, gasketi, oringi na washa, na uvinunue pamoja na spea yenyewe ili visiwe sababu ya kurudisha vya zamani. Uliza kama ana toki renchi, na kwa sehemu ambazo haiingii, atatumia kipimo gani badala yake. Sema mapema kwamba unataka spea zote kuukuu zirudi, zikiwa zimewekwa alama ya mahali zilipotoka. Kwa Impreza hiyo ni plagi nne, zimeandikwa kwa kalamu 1, 2, 3 na 4. Na kama bei ya ufundi haitoshi kwa yote hayo, iongeze hapo hapo kabla hajashika spana.